Unataka kusomea historia ya kale uzamili au uzamivu? Pita hapa kabla hujatuma maombi

#1 Jiwe Lililovunjika

Wakuu, salaam.

Kila mwezi kuna vijana wananifuata inboksi baada ya kusoma nyuzi zangu za Roma na Misri, na swali lao ni lilelile: "Mkuu, napenda sana historia ya kale, nataka kwenda kuisomea, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika mara moja, tena kwa kirefu. Asiye na muda apite, hatugombani.

Nilimaliza uzamili, sasa niko mwaka wa tatu wa uzamivu. Nianze na kisa cha aibu maana ndicho kilichonifundisha kuliko darasa lolote.

Kwenye tasnifu ya uzamili nilichagua jiwe moja la Kigiriki, azimio la mji kuhusu ugawaji wa nafaka. Nililisoma kwa tafsiri. Tafsiri ikasema nafaka wapewe raia "na wageni". Nikasisimka! Nikajenga sura nzima, kurasa arobaini, kwamba mji ule ulikuwa na ukarimu wa pekee kwa wageni. Nikaingiza bandari humo, nikaingiza biashara, nikajiona nimevumbua. Msimamizi wangu akanirudishia sura ikiwa na swali moja tu pembeni, kwa kalamu ya risasi: "Neno hili lipo kwenye jiwe?"

Sikuelewa anauliza nini. Nikaenda maktaba kutafuta toleo lenyewe la Kigiriki, si tafsiri. Neno nililolijengea kurasa arobaini, xenois, yaani "kwa wageni", lilikuwa ndani ya mabano ya mraba.

Kwa wasiojua: tangu 1931 wanaohariri maandishi ya kale wana makubaliano ya alama, yanaitwa kanuni za Leiden. Mabano ya mraba yanasema hivi: hapa jiwe limevunjika au limelika, herufi hazipo, nimejazia ninachodhani kilikuwepo. Nukta chini ya herufi: naona kitu lakini siapi. Mabano ya mviringo: fundi alifupisha neno, nimelikamilisha mimi. Mabano ya mraba yaliyorudiwa mara mbili: palikuwa na maandishi, watu wa zama hizohizo wakayakwangua makusudi, kama walivyokwangua jina la Geta, mtawala mwenza wa Roma, baada ya kaka yake Caracalla kumuua mwaka 211. Mfasiri wangu aliyaondoa mabano yote ili Kiingereza kisomeke vizuri.

Kibaya zaidi, jiwe lenyewe lilichongwa kwa mpangilio ambao Wagiriki waliupenda sana kwenye maazimio, kila herufi kwenye chumba chake, safu chini ya safu kama kete kwenye ubao wa dama. Ndiyo maana mhariri anaweza kuhesabu herufi zilizopotea. Hapo zilipotea sita. Xenois ina herufi sita. Mhariri mwingine, tanbihi ya chini kabisa, alipendekeza paisin, "kwa watoto". Nayo ina herufi sita. Kwa maana nyingine sura yangu ya ukarimu kwa wageni ingeweza kuwa sura ya kulisha yatima, na jiwe lisingesema kitu.

Sura ikazikwa siku hiyo. Nilikuwa nimebakiwa na miezi mitatu.

Nawaambia haya kwa sababu wengi tunaingia tukidhani uzamili ni shahada ya kwanza iliyoongezewa vitabu. Shahada ya kwanza unapewa alama kwa kujua kwamba Hannibal alivuka Alps. Huku juu unaulizwa: umejuaje? Nani kasema, aliishi miaka mingapi baada ya tukio, alimsoma nani, maneno yake yametufikia kwa nakala ipi? Livy, mwanahistoria wa Roma, aliandika vitabu 142, tulivyonavyo ni 35. Polybius, Mgiriki aliyeandika habari za Roma, aliandika 40, vilivyo kamili ni vitano vya mwanzo. Tunachokiita historia ya Roma kwa sehemu kubwa ni kile ambacho panya, moto na wanakili wa enzi za kati walituachia.

Nipeni nafasi nitoe mfano ninaoupenda kuliko yote, vita vya Roma na Kushi, ufalme wa kale wa kusini mwa Misri, Sudan ya leo.

Kati ya mwaka 25 na 21 KK pande hizi mbili zilipigana kusini mwa Misri. Ukiuliza kilichotokea utaelekezwa kwa Strabo, mwanajiografia aliyeandika kwa Kigiriki. Anasema Wakushi waliiteka Syene (ndiyo Aswan), Elephantine na Philae, wakaangusha sanamu za Kaisari, yaani Augustus, mtawala wa Roma. Gavana Petronius akawaendea na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800, dhidi ya watu 30,000, akawasukuma mpaka Napata, mji mkubwa wa Kushi, na kuibomoa. Malkia wao anamwita Kandake, mwanamke wa kidume, mwenye chongo. (Waliosoma Matendo ya Mitume sura ya 8 wanalijua jina hilo. Ni cheo, si jina.) Na Augustus mwenyewe, kwenye orodha ya mafanikio aliyoiacha ichongwe, anajisifu kwamba jeshi lake lilifika Napata.

Mpaka hapo Roma kashinda, tufunge daftari. Lakini msome Strabo aya ileile mpaka mwisho: wajumbe wa Kandake wakapelekwa kwa Kaisari kule kisiwa cha Samos, wakapewa kila walichoomba, na kodi waliyokuwa wametozwa ikafutwa. Mshindi gani huyo anayefuta kodi?

Sasa ingia chini ya ardhi. Desemba 1910 John Garstang akichimba Meroe, mji mkuu wa Kushi, akakuta kichwa cha shaba cha Augustus, macho yakiwa bado yamo, kimefukiwa chini ya ngazi za kuingilia hekalu. Kila aliyepanda zile ngazi alimkanyaga Kaisari. Strabo hakulijua hilo.

Na kuna kitu cha tatu, hiki ndicho kinachonikosesha usingizi. Mwaka 1914, pale Hamadab karibu na Meroe, Garstang huyohuyo alipata jiwe kubwa lenye maandishi ya Kimeroe, lugha ya Wakushi wenyewe. Ndani yake yapo majina ya Amanirenas, malkia, na Akinidad, mwanamfalme. Wapo wanaoamini linazungumzia vita hivi hivi. Sauti za herufi za Kimeroe tunazijua tangu kazi ya Griffith, karibu na 1911, kwa hiyo jiwe linasomeka kwa sauti. Maana yake ndiyo imefungwa. Maneno machache yanaeleweka, majina, vyeo, baadhi ya vitenzi, halafu giza. Upande wa pili wa vita tunao mkononi, umeandikwa, na hakuna mtu duniani anayeweza kuusoma kwa ukamilifu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "nisome nini ili nikubaliwe uzamili", nami namuuliza: unataka kusoma hati gani? Hilo ndilo swali la kwanza. La chuo lifuate baadaye. Ukijua hati utajua lugha, ukijua lugha utajua nani anaifundisha, na huyo ndiye utakayemwandikia. Wengi tulianza kinyume: kwanza chuo chenye jina, kisha ufadhili, halafu mada ikaokotwa wiki moja kabla ya mwisho wa maombi.

Nitarudi baadaye kuongeza mambo ya lugha na fedha. Karibuni.

#2 Kobe Mpole

Naweka kambi hapa. Mabano ya mraba yamenimaliza, nimesoma tafsiri za Kigiriki miaka kumi na sijawahi kujiuliza.

#3 Asali na Nyuki

Mkuu umeshusha nondo. Swali: mimi nina shahada ya kwanza ya historia, ya zama za karibuni, sina Kigiriki wala Kilatini hata chembe. Nina nafasi au niachane na hii ndoto?

#4 Jiwe Lililovunjika

@Asali na Nyuki una nafasi, ila usijidanganye kuhusu muda.

Ukitaka Ugiriki na Roma, lugha mbili za kale hazikwepeki, hata kama mada yako itaegemea moja. Juu yake unahitaji kusoma Kijerumani na Kifaransa, na Kiitaliano kikikupata ni heri. Si kuongea, kusoma. Kijerumani kwa nini? Kwa sababu kazi nzito ya kukusanya mawe ya Kilatini ilianzishwa Berlin mwaka 1853 chini ya Theodor Mommsen (huyu ndiye mwanahistoria aliyepewa Nobel ya fasihi 1902), na elimu hii ikakulia huko. Halafu kichekesho: maelezo ya wahariri kwenye mkusanyo huo yameandikwa kwa Kilatini. Yaani unahitaji Kilatini ili usome maelezo ya kukusaidia kusoma Kilatini.

Mimi Kigiriki kilinichukua miaka miwili ya kila siku kabla sijasoma ukurasa wa Xenophon, mwandishi wa Kigiriki chepesi, bila kulia. Thucydides, mwanahistoria mwenzake, bado ananitoa jasho, tena kwenye zile hotuba hata mabingwa wanapishana. Kilatini kilikuja haraka zaidi.

Kuna njia tatu nilizoziona kwa wenzangu. Wapo waliochukua mwaka wa kujenga lugha kabla ya uzamili. Baadhi ya vyuo vya Marekani vina programu za namna hiyo kwa waliomaliza shahada ya kwanza bila lugha za kutosha. Wengine wakaenda kwenye uzamili wa miaka miwili unaofundisha lugha ndani yake. Oxford wana wa miaka miwili wa historia ya Ugiriki na Roma, Leiden wana wa utafiti wa miaka miwili. Na wachache walijifundisha wenyewe usiku, kwa vitabu na intaneti. Hao wa tatu ndio ninaowavulia kofia.

#5 Bint Sarufi

Nimekuja mbio baada ya kuona nyuzi ya lugha. Nakubaliana na mleta mada na naongeza mfano mwepesi.

Waandishi wa Kigiriki wanataja Aithiopia mara kwa mara. Watafsiri wa Kiingereza wakaandika "Ethiopia" na wasomaji wakaelekea Addis Ababa. Neno la Kigiriki linatokana na "kuungua" na "uso", liliwahusu watu weusi wa kusini kwa jumla, na mara nyingi nchi inayosemwa ni Kushi, yaani Sudan ya leo. Biblia ya Kiswahili niliyokulia nayo imeandika Kushi kwenye hicho kisa cha Matendo 8, na hapo imewashinda Waingereza.

Mwingine: kuna mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, kwa Kigiriki, unaoitaja pwani ya Azania na soko la mwisho kabisa, Rhapta. Mwandishi mwenyewe anasema mji umeitwa hivyo kwa sababu ya mashua zilizoshonwa. Kwenye tafsiri unasoma tu kama habari nyingine. Kwenye Kigiriki unaliona: rhapta ni "vilivyoshonwa", neno moja limekuwa mji. Na maandishi hayo yote yanasimama juu ya nakala moja ya mkono ya karne ya 10, iliyoko Heidelberg. Moja! Iliyoko London imenakiliwa kutoka hiyo. Mnakili wake alisinzia mahali, akakosea herufi, basi mjadala wa miaka mia unazaliwa.

#6 Kete Nyeusi

Na heshima zote, wakuu. Miaka miwili ya Kigiriki, miwili ya uzamili, minne ya uzamivu, kwa ajili ya kuhesabu herufi sita ambazo hazipo. Ajira iko wapi? Watu wana familia.

#7 Chaki Mkononi

@Kete Nyeusi swali lako ni halali na naona wengi wanalikwepa kwa maneno matamu. Nimefundisha chuo kwa muda mrefu, nimestaafu, kwa hiyo sina cha kumuuzia mtu.

Nafasi za kudumu za kufundisha historia ya kale ni chache na wenye shahada ni wengi. Waliohitimu chini yangu, wazuri kweli, baadhi wamezunguka mikataba ya mwaka mmojammoja mpaka wakachoka. Wengine wako makumbusho, kwenye hifadhi za nyaraka, uchapishaji, wanafundisha sekondari. Mmoja yuko kwenye ukaguzi wa hesabu na anasema kusoma mafunjo ya kodi (nyaraka za kale zilizoandikwa kwenye karatasi ya mmea wa mafunjo) kulimwandaa kuliko alivyodhani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi na mkali: uzamivu wa historia ya kale usiulipie mfukoni, wala usiukopee. Ukipata ufadhili, nenda. Usipopata, jaribu tena mwaka ujao ukiwa na lugha moja zaidi. Uzamili wa mwaka mmoja mtu anaweza kujitutumua, hilo ni la mtu na akaunti yake.

Na tofauti za nchi zijueni. Uingereza uzamili mara nyingi ni mwaka mmoja, uzamivu mitatu au minne, na unaingia ukiwa na mada tayari mkononi. Marekani unaweza kuingia uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu. Miaka ya mwanzo ni madarasa na mitihani, ikiwemo ya kutafsiri Kigiriki na Kilatini na ya kusoma Kijerumani na Kifaransa au Kiitaliano, na vyuo vikubwa hulipia na posho juu. Ni safari ndefu, mitano kwenda juu. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Huko mtakutana na vyeti viwili, Latinum cha Kilatini na Graecum cha Kigiriki; ulizeni mapema kama vinatakiwa na mnaweza kuvipatia hapohapo. Wala si lazima Ulaya. Ibadan (Nigeria) na Legon (Ghana) wanafundisha Kigiriki na Kilatini kwa miongo mingi, Stellenbosch (Afrika Kusini) wana idara ya mambo ya kale.

#8 Kete Nyeusi

Mzee nimekuelewa. Hilo la mkaguzi wa hesabu limenifurahisha.

#9 Piramidi la Mchanga

Uzi mzuri ila naona mnazunguka jambo lenyewe. Historia ya kale imeandikwa na wazungu kwa faida yao. Misri ilikuwa ya watu weusi, Diop, yule msomi wa Senegal, alishathibitisha, na vyuo hivyo mnavyovitaja ndivyo vilivyomkataa. Kwa nini tukajifunze kwao?

#10 Jiwe Lililovunjika

@Piramidi la Mchanga nashukuru umemtaja Diop, maana wengi wanaomtaja hawasimulii alichokifanya.

Cheikh Anta Diop alianza tasnifu yake Paris, ikakwama mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaja kuitetea 1960. Katikati hapo hakukaa kulalamika. Alisoma fizikia, akaja kuanzisha maabara ya kupimia umri wa vitu kwa kaboni pale Dakar. Alisoma Kimisri cha kale na kukilinganisha na Kiwolofu. Mwaka 1974 UNESCO walipoitisha mkutano Cairo kuhusu asili ya watu wa Misri na kusoma maandishi ya Kimeroe, yeye na Théophile Obenga walifika na makaratasi yaliyoandaliwa vizuri mno, kiasi kwamba ripoti ya mkutano yenyewe ikakiri kwamba si washiriki wote waliojiandaa kama wao, na mjadala ukakosa uwiano kwa sababu hiyo.

Unaweza kukataa hoja zake za lugha, wapo wataalamu wengi wanaozikataa, na mimi mwenyewe zipo nisizozikubali. Lakini huwezi kusema hakusoma hati. Ndiyo namna ya kuingia kwenye ugomvi huu. Anayebishana kuhusu Piye na Taharqa, wafalme wa Kushi walioitawala Misri, kwa picha za mitandaoni anapoteza muda, wakati jiwe la Piye lililopatikana Jebel Barkal 1862 lipo, ni refu, na mfalme mwenyewe wa Kushi anasimulia humo alivyoiteka Misri, kwa Kimisri safi cha hiroglifu. Mahali alipokasirika kuliko pengine popote ni pale alipokuta farasi wameachwa na njaa kwenye zizi la mfalme wa Hermopolis aliyemshinda. Hayo huyapati kwa kubishana rangi.

#11 Piramidi la Mchanga

Hilo la farasi sikulijua. Nitafuatilia. Lakini bado nina neno kuhusu nani anaamua hati ipi isomwe kwanza.

#12 Bint Sarufi

Neno lako lina uzito, na jibu liko kwenye hesabu. Kigiriki na Kilatini vina kamusi kubwa, hifadhi za maandishi, maelfu ya walimu. Kimeroe kina watu wachache sana duniani. Claude Rilly, mtaalamu wa Kimeroe, amejenga hoja kwamba kina undugu na Kinubi na Kinara, yaani lugha ambazo zina wasemaji hai leo. Sasa jiulize, kwenye kazi ya namna hiyo anahitajika nani? Anahitajika mtu anayejua lugha za Kiafrika tangu utotoni na aliyesomea isimu. Mlango uko wazi, watu ndio hawapiti.

#13 Asali na Nyuki

Narudi tena. @Jiwe Lililovunjika ulisema swali la utafiti litokane na hati. Hebu nipe swali baya na swali zuri niyaone.

#14 Jiwe Lililovunjika

Swali baya, nililoandika mimi kwenye maombi yangu ya kwanza (nilikataliwa, kwa haki): "Uchumi wa Dola ya Roma na athari zake kwa jamii." Hapo hakuna hati hata moja. Ni maktaba nzima.

Zuri: chukua Karanis, kijiji cha Fayum huko Misri. Chuo Kikuu cha Michigan kilichimba pale kuanzia 1924 hadi 1935. Zimepatikana orodha ndefu za walipa kodi za karne ya 2 BK, jina kwa jina, malipo kwa malipo. Sasa uliza: wanawake wanaotajwa kwenye orodha hizo wanalipia nini, ardhi yao wenyewe au ya waume waliokufa? Swali dogo. Lina hati, lina mipaka, linahitaji Kigiriki cha mafunjo tu, na likijibiwa vizuri linakufikisha kwenye uchumi wa Roma kwa mlango wa uani.

Ukimwandikia msimamizi, usimwambie "tangu utoto napenda piramidi". Mwambie hati gani, lugha gani umeshaanza, swali gani, na kazi yake ipi umeisoma na hukubaliani nayo wapi. Aya tatu. Wangu alinijibu siku ya pili kwa sababu nilimwonyesha kosa la namba ya ukurasa kwenye makala yake. Sipendekezi njia hiyo kwa kila mtu.

Vyanzo vya bure: Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina maandishi ya Kigiriki na Kilatini, na ukibofya neno kamusi inafunguka. Papyri.info kwa mafunjo. CDLI kwa vigae vya udongo vya Mesopotamia. Na vile vitabu vya Loeb, vya kijani kwa Kigiriki na vyekundu kwa Kilatini, lugha ya asili kushoto na Kiingereza kulia, vimeanza kuchapwa 1912, kwa hiyo vya zamani haki zake zimekwisha na vinapatikana mtandaoni. Funika kulia kwa karatasi. Usichungulie.

#15 Kobe Mpole

Swali la mwisho kutoka kambini. Hizi akili bandia zinasoma magombo yaliyoungua sasa hivi. Nikimaliza miaka yangu sita si nitakuta mashine imeshamaliza kazi?

#16 Chaki Mkononi

Unasemea magombo ya Herculaneum, mji wa Kirumi huko Italia, yaliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Yamekuwa makaa, ukiyafungua yanavunjika. Oktoba 2023 likatangazwa neno la kwanza kusomwa ndani ya gombo ambalo halijafunguliwa, kwa picha za eksirei na programu ya kompyuta: porphyras, linahusu rangi ya zambarau. Miezi michache baadaye wanafunzi watatu waligawana zawadi ya dola 700,000 kwa kusoma safu kadhaa.

Lakini angalia nani aliyethibitisha. Kompyuta ilitoa madoa meusi yenye umbo la herufi. Wataalamu wa mafunjo ndio waliokaa na kusema hii ni pi, hii ni rho, hapa pamekatika, hapa tusiseme kitu. Magombo ambayo hayajafunguliwa ni mamia. Yakianza kusomeka yote, wanaojua Kigiriki cha mafunjo hawatatosha. Ningekuwa na umri wako ningekimbilia huko.

#17 Asali na Nyuki

Nimepakua kitabu cha Kigiriki usiku huu, niko ukurasa wa pili, herufi 24. Mbona sigma zipo mbili? Hii σ na hii ς, sauti ileile?

#18 Bint Sarufi

Sauti ileile. Ya pili inakaa mwisho wa neno tu.

#19 Jiwe Lililovunjika

Na ukifika kwenye mafunjo utakuta ya tatu, yenye umbo la C. Kesho fanya vipumuo, vile vialama juu ya irabu za mwanzo. Usiviruke, mimi niliviruka.